Bipu Kumi na Moja

Beseni lilikuwa la plastiki, la buluu, kama yale ambayo wanawake wa Mumosho huletea parachichi sokoni. Maman Maombi alilitua juu ya meza ya duka, akafunua kitenge kilicholifunika, akarudi nyuma hatua moja. Ndani hamkuwa na parachichi. Mlikuwa na vifaranga vimelala kifudifudi, vimepangwa vizuri, rangi yao ya manjano imegeuka kijivu.

"Hesabu," akasema. "Hapa iko makumi tano tu. Wengine tulizika. Wote iko mia tatu."

Delphine Nsimire hakuhesabu. Duka lilikuwa lake, pale mtaa wa Essence, na vifaranga vilitoka katika mashine yake ya kutotolea mayai siku nne tu zilizopita, vizima, vinapiga kelele kama watoto wa shule wakati wa mapumziko. Alishika kimoja, akakigeuza, akakinusa. Kilinuka moshi.

"Mbabula ya makaa ilikuwa ndani ya nyumba?"

"Si ulisema joto? Tukaweka joto."

"Na dirisha?"

"Tulifunga, joto isitoke."

Basi, ndiyo hiyo. Fungua dirisha. Maneno mawili, hata pumzi hayamalizi. Alipowauzia vifaranga vile aliwaeleza joto, akawaeleza maji, chakula na chanjo, lakini dirisha alilisahau, maana alidhani kila mtu anajua habari ya dirisha.

"Maman Maombi, mbona hukunipigia?"

Ee, swali gani hilo jamani! Kuna maswali ambayo mtu anapaswa kuyameza kabla hayajafika kwenye meno. Maombi alimtazama. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Nilikubipu," akasema. "Jana, tangu saa mbili ya asubuhi mpaka saa saba. Mara kumi na moja."

Asiyejua kubipu hajaishi Bukavu. Unapiga, simu ya mwenzako inalia mara moja, unakata kabla hajaishika. Maana yake ni: mimi sina yunite za kupigia, wewe unazo, rudisha. Kuna bipu ya salamu, kuna bipu ya "nimefika salama", kuna bipu ya msiba, na zote zinalia sawasawa. Delphine alikuwa akipata bipu hamsini kwa siku. Zile za Maombi aliziona, zote kumi na moja. Zilimchosha, akaitia simu kwenye mkoba na kusema moyoni: mwenye shida kweli atapiga.

Hayo hakuyasema mbele ya beseni. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Tuko bamama makumi ine," Maombi akaendelea. "Siku ya Mungu, kisha misa ya pili, tutakaa chini. Kuko muuzaji mwingine, anasema atatuletea vifaranga mpaka mulangoni. Tutachagua. Minakuja kukuambia mbele, ju haukuwa mutu mubaya."

Akalifunika beseni lake, akajitwika, akatoka.

Haukuwa; hakusema hauko. Delphine alibaki amesimama na neno hilo. Siku ilikuwa Jumatano. Wale wamama arobaini ndio waliochukua zaidi ya nusu ya vifaranga vyake. Wakienda, mashine angeizima, na duka angelifunga kabla ya Noeli. Lakini nisiwadanganye, si mashine iliyomkosesha raha siku ile. Ni ile kumi na moja.

Akapiga moyo konde. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshaamua: atafuta namba ya bure, ile wanayoiita numéro vert, ambayo mteja anapiga hata kama hana yunite moja, na mwenye biashara ndiye anayelipa. Siku hizi namba kama hiyo haitaki uwe na mnara wala waya wako. Inapita kwenye intaneti. Kampuni inakukodisha namba, na simu zinaingia kwenye kompyuta yako hapo dukani. Kazi ilikuwa kuchagua kampuni, na kuichagua kabla ya Jumapili.

Na kama mjuavyo katika familia zetu, hujaanza hata kutafuta, jibu linakuja lenyewe limevaa viatu vya ncha. Hugues, mdogo wa mumewe, alikuwa wakala wa kampuni moja kubwa yenye makao Kinshasa. Huyo Hugues ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alhamisi asubuhi alikuwa tayari dukani na kompyuta yake chini ya kwapa, hata chai hakungoja.

"Shemeji, sikiliza hii," akasema, akapiga namba, akaiweka kwenye spika.

Simu haikulia hata mara moja. Papo hapo ikajibu sauti ya mwanamke, laini, Kifaransa cha redioni: karibuni, bonyeza moja kwa mauzo, bonyeza mbili kwa huduma. Kisha muziki. Delphine alijikuta anatabasamu. Ilionekana kama duka lake limehamia kwenye ghorofa la vioo.

"Inapatikana kwenye mitandao yote ya simu?"

"Yote, shemeji."

"Na umeme ukikatika hapa kwangu?"

"Hii ni kampuni kubwa, shemeji," Hugues akasema, akatoa mkataba.

Delphine aliandika kwenye daftari lake: umeme, hakujibu. Kisha akasema hatasaini kwanza. Anataka namba ya kujaribu mpaka Jumamosi. Hugues akacheka, akamtikisia kidole.

"Mchagua jembe si mkulima!"

"Methali hiyo aliitunga muuza majembe," Delphine akamjibu. "Nipe namba ya kujaribu."

Akampa, lakini kwa kununa. Haikupita saa moja, mama mkwe akapiga simu kutoka Kadutu. Yeye habipu, anapiga kabisa, na ukiona anatumia yunite zake ujue kuna jambo. "Mutoto wa nyumba iko na kazi," akasema, "na weye unataka kupatia batu ba inje? Kweli, Delphine?" Delphine akaitika ndiyo maman, hapana maman, nimesikia maman. Alipokata alikuwa ameloa jasho, na alikuwa hajaahidi kitu.

Kampuni ya pili aliipata kwa kuuliza mwenye duka la dawa wa Nyawera. Ilikuwa juu ya duka hilo hilo: ngazi nyembamba, vyumba viwili, na msichana mmoja mwenye miwani aitwaye Chancelle, aliyesomea mambo ya mawasiliano na kufungua kampuni yake miaka miwili iliyopita. Hakukuwa na muziki wala mwanamke wa redioni. Kulikuwa na mashine moja inayowakawaka kwenye kona na feni inayoipepea kama mgonjwa.

Delphine akauliza maswali yale yale.

"Mitandao yote ila mmoja," Chancelle akasema. "Huo mmoja tutaunganishwa mwezi ujao, kama Mungu akipenda."

Delphine alizipitia namba za wamama wa Mumosho kwenye simu yake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye mtandao ule.

"Na umeme ukikatika kwangu?"

Badala ya kujibu, Chancelle akamwambia apige ile namba ya kujaribu, kisha akainama na kuchomoa waya wa kompyuta iliyokuwa inapokea. Skrini ikafa. Delphine akangoja, simu sikioni. Ikalia mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu simu ndogo ya mfukoni mwa Chancelle nayo ikaanza kulia.

"Inahamia kwenye simu ya kawaida," akasema. "Inachelewa kidogo. Sitakudanganya, ukiwa huna umeme na simu yako haina chaji, hapo hata mimi siwezi kitu."

Delphine aliupenda ukweli huo, lakini hakusema. Alikwishachoka kupenda vitu mjini. Vifaranga havikufia mjini. Akamwomba naye namba ya kujaribu, na Jumamosi asubuhi akapanda pikipiki kwenda Mumosho, na namba mbili kwenye karatasi. Ndiyo, kwa matope yale. Dereva alimwambia mara mbili warudi, naye mara mbili akamwambia, "Endesha."

Jumamosi ni siku ambayo wamama wa kule wanafagia kanisa. Aliwakuta kumi na sita, mafagio mikononi, na Maombi katikati yao. Walimsalimu vizuri, maana hata mtu unayetaka kumwacha unamsalimu, na kwa Washi, wenyeji wa kule, salamu haina ubahili: asinge, umeamkaje, watoto, bwana, ng'ombe kama wapo. Delphine akaitika zote. Kisha akaeleza jambo lililomleta: namba mbili, zote bure, wapige sasa hivi kwa simu zao, yeye atazame.

"Bure?" akasema mama mmoja mzee, Godelive, mwenye simu iliyofungwa kwa mpira. "Mutoto wangu, bure iko mbinguni. Na huko pia wanakuomba ubatizo."

Wakacheka wote. Lakini wakapiga, kwa namba ya Hugues kwanza. Na hapo Delphine akaona jambo ambalo hakuna mtu angelimwambia ofisini. Mama wa kwanza akapiga, akasikiliza kidogo, pap! akakata. Wa pili, pap! Wa tatu vilevile. Kidole kilikuwa kinakata chenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini.

"Mbona mnakata?"

"Tumebipu," wakamjibu, wakishangaa kuulizwa. "Atarudisha."

"Lakini ni bure!"

"Ndiyo, tumesikia. Tumebipu bure."

Godelive peke yake hakukata. Aliposikia sauti ya mwanamke alinyoosha mgongo, akashika simu kwa mikono miwili, akaanza: "Asinge maman, umeamka muzuri? Na bwana? Batoto beko?" Sauti ikamwambia abonyeze moja. Akarudia salamu, kwa heshima zaidi. Ikamwambia abonyeze mbili. Mzee akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Huyu mutoto wa watu hana malezi," akasema. "Namusalimia mara mbili, ananihesabia namba."

Delphine alicheka na wenzake, lakini hakumaliza kucheka. Alikwenda pembeni ya ukuta wa kanisa, akampigia Hugues.

"Hugues, kuna watu kumi na wanne wamepiga sasa hivi wakakata. Nitaonaje namba zao?"

"Haziandikwi, shemeji. Mashine inaandika wale waliobonyeza."

"Na hawa waliokata?"

"Achana nao. Asiyengoja si mteja. Mwenye shida kweli atapiga tena."

Mwenye shida kweli atapiga. Delphine aliyasikia maneno yale kwenye simu kwa sauti ya mtu mwingine. Ni yake yale. Hugues hakuyaiba popote. Yeye mwenyewe alikuwa ameyasema, neno kwa neno, siku ile alipoitia simu kwenye mkoba. Alimshukuru, akakata.

Akarudi, akawapa namba ya pili. Wakabipu hiyo nayo, bila aibu. Ikalia kwao mara moja, pap, pap, pap, pande zote za uwanja. Hazikupita dakika tano, simu ya Delphine ikaita. Alikuwa Chancelle, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Maman Delphine, kuna tatizo na laini? Ninaona namba kumi na nne zimepiga zikakata, zote kwa pamoja. Mashine imeharibika?"

"Unaziona?"

"Ziko hapa kwenye skrini, na saa na dakika."

"Haijaharibika, mwanangu. Hiyo ni Mumosho." Delphine akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Mtu akipiga akakata, nataka jina lake liwe jekundu, na mashine ipige kelele. Na isinyamaze mpaka nimemrudishia simu. Hata nikiizima, iwe bado inapiga kelele nikiiwasha. Inawezekana?"

"Wateja wangu wengine wananiomba niizime kelele," Chancelle akasema. "Hakuna aliyewahi kuniomba niiongeze."

"Wao hawajaletewa beseni. Inawezekana ao haiwezekani?"

"Inawezekana. Nipe mpaka kesho mchana."

Muda huo wote Maombi alikuwa hajagusa simu yake. Alikuwa ameegemea fagio, anatazama. Delphine akamwendea, mbele ya wote, kwa sababu jambo lililotendwa mchana halitubiwi uchochoroni.

"Maman Maombi, nilikuambia hukunipigia. Nilisema uongo kwa kuuliza vile. Bipu zako niliziona. Kumi na moja zote niliziona, nikaweka simu katika mkoba. Nilichoka, basi. Vifaranga vyako vilikuwa vinakufa na mimi nilikuwa nimechoka. Unisamehe."

Hakuna fagio lililosogea. Godelive akasema "mm" kwa ndani, ile "mm" ya wazee ambayo haisemi ndiyo wala hapana.

"Asanti kwa kusema," Maombi akajibu. "Kesho ndiyo siku ya Mungu. Tutakaa chini na wengine."

Hilo tu. Akaendelea kufagia, na Delphine akapanda pikipiki yake.

Mchana ule ule alimwita Hugues dukani, akamrudishia mkataba bila sahihi. Hakutaka kumjibu kwa simu. Mtu wa nyumba unamkatalia ukimtazama usoni. Hugues alipandisha, akashusha, akataja ukoo, akataja Kinshasa, akamwuliza kama ataiacha kampuni yenye watu mia tatu kwa ajili ya kisichana cha juu ya duka la dawa.

"Kampuni yako inawajua wanaobonyeza," Delphine akamwambia. "Wateja wangu hawabonyezi. Wanabipu. Nitawafundisha taratibu, lakini wakati wanajifunza vifaranga havingoji."

"Na mama nitamwambia nini?"

"Mwambie shemeji yako amechagua jembe. Na umwambie nitakuja Jumatatu kumweleza mwenyewe, na kuku nitamletea."

Hugues akaondoka na viatu vyake vya ncha. Kununa kwake kulidumu mpaka Pasaka, lakini kuku alimla.

Jumapili duka hufungwa. Jumapili hiyo Delphine alitoka misa ya kwanza, akafungua nusu ya mlango, akakaa mbele ya kompyuta na nguo zake za kanisani. Chancelle alikuwa amefika tayari na miwani yake, hajapata usingizi vizuri, anabonyezabonyeza. Saa saba na nusu akasema, "Tayari." Namba ikawa hai. Delphine akawatumia ujumbe wamama wote arobaini: namba ni hii, ni bure, mimi niko hapa.

Kisha wakangoja. Misa ya pili ya Mumosho alijua inaisha lini. Alijua watakaa chini kwenye mabenchi ya mbele, na yule muuzaji mwingine atatajwa, na mtu atasema habari ya mlangoni. Saa nane ikapita. Saa tisa Chancelle akauliza kama atafute maandazi. Delphine akasema hana njaa, na huo ulikuwa uongo wa pili wa wiki ile.

Saa tisa na dakika ishirini ikalia. Mara moja tu. Delphine alikuwa ameshanyoosha mkono, na ikakatika.

Jina likawa jekundu kwenye skrini: Maombi. Mashine ikaanza kupiga kelele, kelele mbaya kweli, kama mbuzi aliyefungwa karibu na majani asiyoyafikia. Chancelle akaziba masikio. Delphine hakungoja hata ilie mara ya pili. Akarudisha.

"Maman Maombi! Ni mimi."

"Ndiyo, nakusikia."

"Maman, namba hii iko bure. Hukupaswa kukata. Ungengoja tu, ningeshika."

"Minajua iko bure," Maombi akasema. "Jana ulisema mara tatu, hatuko viziwi. Nilitaka kuona kama utarudisha."

Macho ya Delphine yakajaa maji, akayaacha, hakuyapangusa. Kule upande wa pili alisikia wanawake wengi wanaongea kwa pamoja, na mzee mmoja anauliza kama huyo aliyejibu safari hii ameitikia salamu.

"Uko na kalamu?" Maombi akauliza.

"Ninayo."

"Andika basi. Tunataka vifaranga vya siku ya ine, Alhamisi hii, kwa wote makumi ine. Lakini mbele ya kuandika, utuambie vizuri hiyo mambo ya dirisha. Bote banasikiliza, nimeweka simu kwa sauti."

Delphine akavuta kiti, akakaa vizuri, akaanza kuwaeleza polepole, tangu mahali pa kuweka mbabula.